UZI: Komiki za bunilizi ya kisayansi zenye jalada mbadala na saini: kununua, kuhakiki, kutunza

#1 Karatasi_Safi

Wakuu, salaam. Maswali kuhusu komiki zenye jalada mbadala na saini yametapakaa kwenye nyuzi nyingi, na majibu mengine yanamwingiza mtu hasara. Tuyakusanye hapa. Nashika upande wa bunilizi ya kisayansi, yaani Star Wars, Star Trek, Saga, Judge Dredd na wenzao, kwa sababu ndiko majalada yamezidi na ndiko saini za kughushi zimejaa. Wenye ujuzi wa peni, hifadhi na usafirishaji karibuni mjazie.

Jalada mbadala ni toleo lile lile, kurasa za ndani zile zile, ila gamba la nje limechorwa na mtu mwingine au limepangwa kwa namna nyingine. Wengi huanza kuhesabu na The Man of Steel namba 1 ya kampuni ya DC, mwaka 1986, iliyotoka na majalada mawili. Leo namba moja inaweza kuwa na makumi. Star Wars namba 1 ya Marvel ya Januari 2015 iliagizwa na maduka takribani nakala milioni 1, na majalada yake yalipita 60.

Kabla hujaangalia saini, jua jalada lenyewe ni la aina gani, maana bei inaanzia hapo. Lipo la wazi: duka linaagiza idadi linayotaka. Majalada A, B na C mengi ni ya hivi, kwa hiyo herufi B peke yake haimaanishi uadimu. Lipo la uwiano, 1:10, 1:25, 1:50, 1:100, ambalo duka hupata haki ya kuagiza nakala moja baada ya kuagiza idadi fulani ya zile za kawaida. Lipo la duka, ambalo duka limeagiza lichapwe kwa jina lake na kwa mchoraji wake. Lipo la maonyesho, linalouzwa kwenye tukio moja tu. Halafu kuna jalada tupu, picha bila jina la komiki wala nembo, na jalada jeupe lenye karatasi ngumu ambalo mchoraji hukuchorea juu yake.

Saini inaweza kuwekwa kwenye lolote kati ya hayo. Jalada la kawaida la ile Star Wars ya 2015 lenye saini lina wenzake wengi mno. Jalada la 1:100 la mchoraji asiyependa kusaini ni habari nyingine kabisa.

#2 mgeni_wa_uzi

Asante mkuu. 1:100 maana yake ni asilimia moja ya nakala zote zilizochapwa? Muuzaji mmoja ameniandikia hivyo.

#3 Karatasi_Safi

Hapana, na hilo ndilo kosa linalouza vitu kwa bei ya kuruka. Uwiano ni sharti la kuagiza, hauhesabu nakala zilizochapwa. Duka lililoagiza 300 linaweza kupata 3. Lililoagiza 99 halipati hata moja. Lililoagiza 199 linapata 1, zile 99 za juu hazizai kitu. Tena wachapishaji huchapa za ziada kufidia zitakazoharibika njiani, na hawatangazi idadi. Anayekuandikia "zipo 150 tu duniani" kwa jalada la uwiano, muulize namba hiyo kaitoa wapi.

Bei ya wiki ya kwanza inatoka kwenye hesabu ya duka. Chukulia komiki ya dola 4.99, duka hulipa karibu nusu, tuseme 2.50. Nakala 100 ni dola 250. Wateja wa kuzichukua wako 40. Zilizobaki 60 zimelaza dola 150 rafuni, na muuzaji anazitafuta kwenye ile nakala moja ya 1:100. Wiki kadhaa baadaye, maduka yote yakishatoa mzigo wao, bei nyingi hushuka. Zinazokataa kushuka ni zile ambazo mchoraji anatafutwa, au ndani kuna mhusika aliyetokea kwa mara ya kwanza na watu wamemng'ang'ania.

Ukitaka kuagiza mapema kupitia duka la nje, maduka hufunga oda zao kwa mchapishaji takribani wiki 3 kabla ya kitabu kutoka. Baada ya hapo unanunua kilichopo tu.

#4 SokoLaNakala

Naongeza la bakodi, maana linaokoa pesa bila kuhitaji kifaa chochote.

Komiki za siku hizi zina bakodi mbili zilizokaa pamoja. Kubwa ina tarakimu 12, inatambulisha komiki yenyewe. Pembeni yake kuna ndogo ya tarakimu 5, na hii ndogo ndiyo ya kusoma. Tatu za kwanza ni namba ya toleo, ya nne ni jalada, ya tano ni chapa, yaani kitabu kimechapwa kwa mara ya ngapi. 00111 ni toleo la 1, jalada la 1, chapa ya 1. 00131 ni toleo la 1, jalada la 3, chapa ya 1. 01212 ni toleo la 12, jalada la 1, chapa ya pili.

Kwa hiyo ukiuziwa "jalada adimu la toleo la kwanza" na tarakimu ya mwisho ni 2, hiyo ni chapa ya pili yenye rangi nyingine. Inaweza kuwa nzuri, hata ya thamani, lakini si ulichoambiwa. Omba picha ya bakodi kabla ya kulipa. Muuzaji anayepiga picha ya saini kutoka pande tano na hana hata moja ya bakodi, msubirishe.

Mpaka wake: komiki yenye majalada zaidi ya tisa inazidi tarakimu moja, na kila mchapishaji anajitafutia njia. Hapo linganisha picha na orodha ya mchapishaji. Na jalada tupu mara nyingi bakodi iko nyuma, usidhani imefutwa.

#5 Lenzi10

Nije kwenye saini yenyewe.

Kosa la kwanza la wanaoanza: wanauziwa saini iliyochapwa. Wachoraji wengi huweka jina lao ndani ya picha, kwenye kona, nalo huchapwa pamoja na picha. Muuzaji anapiga picha karibu na kuandika "imesainiwa". Chukua lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia masonara, weka jicho karibu kabisa na lenzi kisha usogeze kitabu mpaka picha itulie. Wino wa kiwandani utauona umegawanyika katika nukta ndogo ndogo za samawati, waridi, manjano na nyeusi. Saini ya mkono haina nukta. Ni utando mmoja wa wino unaopita juu ya nukta hizo, na ukingo wake unakata nukta katikati.

Baada ya hapo inamisha kitabu chini ya tochi, mwanga uje kwa ubavu. Peni ya rangi nzito huacha kingo zilizoinuka na mng'ao tofauti na wa jalada. Maka peni ya spiriti haiinuki juu, lakini pale mistari miwili inapokatana pana weusi zaidi, kwa sababu wino umepita mara mbili. Muhuri wa mpira hauna weusi huo wa makutano, na wino wake hukimbilia kingoni.

Mashine ya kusaini nayo ipo. Mkono wa mtu huanza kwa kasi na kuishia kwa mkia mwembamba. Mashine huandika kwa mgandamizo mmoja mwanzo hadi mwisho na mara nyingi huacha kinukta pale peni ilipotua na pale ilipoinuka. Ukikuta saini mbili kwenye vitabu viwili zinalingana ukizilaza moja juu ya nyingine, hakuna mkono wa binadamu unaofanya hivyo.

Mghushi wa mkono hukamatwa kwa mwendo. Anachora umbo, haandiki jina. Wino umetuama katikati ya mkunjo pale aliposita kutazama mfano, na mstari una mtetemo mdogo ambao mwenye jina hana, kwa kuwa yeye amelisaini mara elfu nyingi.

Linganisha na saini za mwaka ule ule. Mtu huyo huyo aliyesaini jina kamili mwaka 1995 anaweza leo kuweka herufi mbili na mstari, hasa kwenye maonyesho yenye foleni ya mamia. Ufupi peke yake hauthibitishi ughushi.

#6 dada_wa_Kurasa

Kuna kipimo kingine rahisi kuliko lenzi: kalenda.

Mfano unaotugusa sisi. Nyota Uhura wa Star Trek amebeba maneno yetu mawili, nyota na uhuru, na aliyemwigiza, Nichelle Nichols, alisaini sana picha na komiki maishani mwake. Wakusanyaji wanaozungumza Kiswahili humtafuta kuliko wengine wote wa chombo kile, na wana haki. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022. Mchapishaji IDW alianzisha mfululizo wa Star Trek na namba 1 mwezi Oktoba 2022. Nakala ya mfululizo huo yenye saini yake haiwezekani, hata ikiwa na cheti chenye hologramu tatu.

Kaeni na tarehe hizi karibu: Leonard Nimoy, 27 Februari 2015. Carrie Fisher, 27 Desemba 2016. Carlos Ezquerra, aliyembuni Judge Dredd pamoja na John Wagner, 1 Oktoba 2018. Stan Lee, 12 Novemba 2018. John Cassaday, mchoraji wa ile Star Wars namba 1 ya 2015, Septemba 2024. Fungua ukurasa wenye maelezo madogo ya uchapishaji, soma mwezi na mwaka, linganisha.

Angalieni pia chapa ya pili na ya tatu. Kitabu kinaweza kuwa cha namba iliyotoka mtu akiwa hai, lakini nakala mliyoishika ikachapwa baada ya kifo chake. Tarakimu ya tano aliyoieleza SokoLaNakala ndiyo inayowaumbua.

#7 mgeni_wa_uzi

Hiyo ya kalenda sikuwahi kuiwaza, asante dada. Sasa kuhusu vyeti. Cheti cha karatasi kinatosha? Na lebo za njano za CGC zinatofautianaje na za buluu?

#8 Karatasi_Safi

Cheti cha karatasi kina nguvu sawa na ya aliyekitoa, basi. Kampuni kama Dynamic Forces imeuza komiki zilizosainiwa zenye namba na vyeti tangu miaka ya 1990, na vyeti hivyo vinajulikana sokoni. Udhaifu ni kwamba cheti na kitabu ni vitu viwili. Kama namba, tuseme 125/500, imeandikwa kwenye cheti na kitabu hakina, hakuna kinachomzuia mtu kuhamishia cheti kwenye nakala nyingine. Cheti kisicho na jina la kampuni wala namba, kilichochapwa nyumbani, ni karatasi.

CGC ya Marekani, iliyoanza mwaka 2000, hupima hali ya kitabu kwa gredi za 0.5 hadi 10.0 na kukifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Lebo ya buluu ni kitabu cha kawaida. Ya zambarau ni kilichofanyiwa ukarabati. Ya njano, Signature Series, inamaanisha shahidi wa CGC alimwona mtu akisaini kitabu hicho, na lebo huandika nani alisaini na tarehe. Ya kijani inasema kitabu kina jambo la pekee, na saini isiyoshuhudiwa mara nyingi huangukia hapo au huhesabiwa kuwa ni maandishi jaladani.

Hilo la mwisho lieleweke. Saini halali kabisa uliyoiona kwa macho yako huwezi kuipeleka baadaye ikaandikwa kuwa imeshuhudiwa. Shahidi alikuwepo wakati peni inagusa karatasi, au hakuwepo. CBCS, kampuni nyingine ya kupima komiki, wao wana njia mbili: ya kushuhudiwa, na lebo nyekundu kwa saini ambayo wataalamu wameikagua baadaye na kuikubali. Soko kwa kawaida hulipa zaidi kwa iliyoshuhudiwa, kwa sababu ukaguzi wa baadaye ni maoni ya mtaalamu.

Ukinunua kasha, ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha ya kitabu na kilichomo. Watu wamewahi kufungua makasha na kubadilisha vitabu. Kagua kingo kama kuna nyufa nyeupe, alama za gundi, au lebo iliyokaa upande.

#9 SokoLaNakala

Hapa tutatofautiana kidogo mkuu. Naona watu wanakimbilia njano kwa kila kitabu. Kitabu cha 9.8 cha buluu ukikitoa kwenye kasha ukisainishe, unakiweka hatarini mara tatu: unapokitoa, mezani, na kinaporudi kupimwa. Kikirudi 9.6, saini ya mchoraji anayesaini kila wikiendi inaweza isifidie ile alama uliyopoteza. Kwa majalada meusi ndiyo usiseme, maana kila kimkunjo kwenye uti wa kitabu kinaonekana kama uzi mweupe.

#10 Karatasi_Safi

Nakubali kuhusu majalada meusi. Sikubali kwamba hesabu ni ya gredi tu. Anayetaka saini ya mtu aliyechora kitabu anachokipenda hauzi hisa. Lakini kwa anayenunua ili auze, uko sahihi: asisainishe 9.8 ya buluu ya mchoraji anayepatikana kirahisi. Achukue nakala ghafi safi, isiyofungwa kwenye kasha, aisainishe mbele ya shahidi, ipimwe mara moja.

Kitu kimoja cha mpangilio: kama kitabu kinahitaji kunyooshwa kwa joto na uzito ili kuondoa mikunjo isiyovunja rangi, kinyooshwe kabla ya saini. Baada ya saini, joto linaweza kuhamisha wino kwenye karatasi ya kufunikia, hasa peni ya rangi nzito. Na mkunjo uliokwishavunja rangi haunyooki. Ule weupe unabaki.

#11 Peni_na_Wino

Peni. Hapa ndipo saini nyingi zinapofia, na kosa si la mchoraji. Ni la aliyempa peni.

Maka peni ya kawaida ya spiriti, Sharpie na jamii yake, ina wino wa rangi iliyoyeyushwa. Inakauka upesi, inaandika vizuri kwenye jalada linalong'aa, mchoraji ameizoea. Ubaya wake: hufifia kwa mwanga, nyeusi inageuka kahawia au zambarau, na kwenye karatasi isiyo na mng'ao wino hutambaa kufuata nyuzi, miaka inavyokwenda ukaona duara la manjano pembeni ya herufi. Inaweza pia kupenya na kuacha kivuli upande wa ndani wa jalada.

Peni ya rangi nzito, ya mafuta, kwa dhahabu, fedha au nyeupe, hukaa juu ya karatasi. Ndiyo ya maeneo meusi, na majalada ya bunilizi ya kisayansi mengi ni anga jeusi, kwa hiyo fedha utaitumia sana. Utaratibu wake:

Tikisa sekunde 30 huku kofia imefungwa, usikie kigololi kinagonga. Fungua, bonyeza ncha kwenye karatasi chakavu mpaka rangi ishuke na kujaza ncha. Andika mistari mitatu minne hapo mpaka itoke bila matone. Ndipo umkabidhi mchoraji. Peni iliyotoka mfukoni bila maandalizi hutema tone la kwanza juu ya kitabu chako, na tone hilo halifutiki bila kuondoka na rangi ya jalada.

Kukauka: dakika 15 kitabu kikiwa wazi, kimelala, hakuna kinachokigusa. Pwani, wakati wa mvua za masika, mara mbili ya hapo. Usikirudishe kwenye mfuko mwembamba unaobana kabla ya saa 24. Rangi inaonekana kavu juu huku chini ni laini. Plastiki inaigandia, na siku utakayochomoa kitabu nusu ya herufi inabaki kwenye mfuko.

Jalada jeupe la kuchorewa halina mng'ao, karatasi yake inanywa. Hapo tumia peni nyembamba ya wino wa chembe isiyotambaa, kama Pigma Micron, na umwachie mchoraji zana zake akizitaka.

#12 dada_wa_Kurasa

Peni_na_Wino, na majalada ya foili, yale yanayong'aa kama metali? Naona yanatoka mengi sasa.

#13 Peni_na_Wino

Foili haina tundu la kunywa wino, dada. Maka ya spiriti inakaa juu kama maji kwenye sahani, ukipitisha kidole siku tatu baadaye inafutika. Tumia peni ya mafuta, iache ikauke saa nzima, na kabla ya hapo jaribu kwenye kona ya nyuma ya nakala ya bei rahisi ya jalada lile lile. Foili pia inabeba alama za vidole kuliko karatasi yoyote. Mafuta ya kidole yakitangulia, rangi inabanduka pale pale. Ishike kwa kingo.

Na kwa jalada lolote, fanya dirisha. Chukua mfuko wa ziada, weka kitabu na kadibodi yake ndani, amua saini ikae wapi, toa kitabu, kata kwenye mfuko uwazi wa kama sentimita 10 kwa 4, rudisha. Mchoraji anasaini kupitia dirisha, mkono wake hautui juu ya picha, na anajua wapi unataka bila kuulizwa. Weka dirisha mbali na uso wa mhusika na mbali na uti. Ukikata, kingo za mfuko ziwe laini, ncha kali ya plastiki inakwaruza.

Kadibodi ibaki chini ya kitabu na meza iwe ngumu. Juu ya meza yenye kitambaa au juu ya rundo la vitabu, mgandamizo wa peni unachimba jalada na kuonekana hadi ukurasa wa tatu.

Na mwambieni mapema kama mnataka saini tupu. "Kwa Asha" ni zawadi nzuri kwa Asha. Kwa mnunuzi mwingine inapunguza bei.

#14 Pwani_Mwanana

Naona wengi hapa wanafuata miongozo ya Marekani inayosema unyevu wa asilimia 40 hadi 50 kana kwamba ni kufungua dirisha tu. Dar, Mombasa, Unguja, hewa hupita 75 sehemu kubwa ya mwaka. Nieleze kinachotokea na dawa yake.

Jalada la kisasa lina mng'ao upande mmoja kuliko mwingine, au limepakwa tabaka upande wa nje tu. Upande usiopakwa hunywa maji haraka, hutanuka, na kitabu kinajikunja kama chapati. Si ubovu wa kiwanda. Pini za stepla nazo hupata kutu, kutu inatia karatasi doa la kahawia ambalo halitoki. Ukungu huanza kwenye uti, mahali hewa haizunguki.

Msururu unaofaa: kitabu, kadibodi isiyo na asidi, mfuko. Kwa vitabu vya kisasa mfuko ni upana wa inchi 6 na 7/8 kwa urefu wa 10 na nusu. Kadibodi upande laini uelekee kitabu. Mfuko wa polipropilini ni wa bei nafuu lakini huchakaa. Ukiona unaanza kuwa na mawimbi au ukungu wa maziwa, badilisha. Mifuko ya polista, wengi huiita Mylar, hudumu miaka mingi na haitoi gesi. Kwa nakala yenye saini nunua polista, tena yenye nafasi, isibane wino.

Kisha tenki la plastiki lenye mfuniko wa mpira, alama ya namba 5 chini yake. Epuka namba 3, ile PVC yenye harufu kali. Ndani weka kipima unyevu kidogo cha kidijitali na silika. Kwa tenki la lita 50, anza na gramu 500 hadi kilo moja, igawanye kwenye mifuko ya kitambaa na isiguse vitabu. Chukua silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba; ile ya buluu ina kobalti, si ya kuchezea nyumbani. Ikishiba ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi kama 110 saa mbili au tatu, irudishe ikipoa.

Usivuke upande wa pili. Kipimo kikishuka chini ya 35, toa silika kidogo, maana jalada litaanza kujikunja kwa upande mwingine na wino mzito utapata nyufa za nywele.

Vitabu visimame wima, vishikane bila kubanana. Vikilegea vinapinda, vikibanwa uti unavunjika. Tenki lisikae chini sakafuni. Sentimita 15 kutoka chini na 5 kutoka ukutani, uweze kuona njia ya mchwa kabla hajafika. Naftalini usiweke, harufu yake inaingia kwenye karatasi na haitoki.

Kasha la CGC halikuokoi na haya. Halizuii hewa kabisa. Yaliyomo humo yanahitaji tenki na silika kama mengine.

#15 mgeni_wa_uzi

Pwani_Mwanana, shukrani nyingi. Nikipokea kifurushi kutoka nje nikifungue mara moja?

#16 Pwani_Mwanana

Hapana. Kimetoka kwenye ndege au chumba chenye kiyoyozi, ni baridi. Ukikifungua kwenye hewa ya pwani, umande unatua juu ya mfuko na ndani ya mfuko. Kiache kilivyo chumbani saa 24. Piga picha ya boksi pande zote sita kabla ya kukata, ukikuta kona imepondwa utakuwa na ushahidi.

Mwambie muuzaji afunge hivi: kitabu kwenye mfuko na kadibodi, kisha katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu ya mawimbi vinavyozidi kitabu sentimita 2 kila upande, mawimbi ya kimoja yakiwa wima na ya kingine yakilala. Gundi ya utepe ishike kadibodi na kadibodi, isiguse mfuko wa kitabu. Kisha boksi, si bahasha. Kasha lifungwe kwa plastiki ya vipovu pande zote na liingie boksi lenye nafasi ya sentimita 5. Wa Ghuba mnaonunua kwenye maonyesho ya Abu Dhabi na kuja nayo, ibebeni mkononi, si kwenye begi la kupakiwa.

#17 Lenzi10

Kwa wanaotafuta za zamani, niseme moja tu: Star Wars namba 1 ya Marvel, mwezi wa jaladani Julai 1977. Bei ya kawaida senti 30. Marvel walijaribu senti 35 kwenye miji michache, toleo la 1 hadi la 4, na nakala hizo ndizo adimu. Nyingi za senti 35 unazoziona zikiuzwa ni chapa za marudio. Ya kweli ina bei ndani ya kisanduku cha mraba na bakodi kamili chini. Za marudio bei yake iko ndani ya umbo la almasi, sanduku la bakodi ni tupu au limepigwa mstari, na nyingine zina neno Reprint.

Tumia lenzi pia kwenye tarakimu ya mwisho ya bei, kwa sababu watu hugeuza 0 kuwa 5. Wino wa kiwandani una nukta na kingo zinazofanana na za tarakimu jirani. Uliobadilishwa una mng'ao wake peke yake.

Jalada limechorwa na Howard Chaykin. Saini yake kwenye chapa ya marudio ni halali na ya bei ya kawaida. Muuzaji akiitumia saini hiyo kuficha ukweli kwamba kitabu ni cha marudio, saini imekuwa pazia. Kitazame kitabu kwanza, saini baadaye.

#18 dada_wa_Kurasa

Swali la mwisho kwa Peni_na_Wino: ya kuning'iniza ukutani?

#19 Peni_na_Wino

Dada, kama ni maka ya spiriti, ning'iniza nakala isiyo na saini na hiyo nyingine iweke gizani. Kama ni rangi nzito, fremu yenye kioo cha kuzuia miale ya jua, ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja wala usiopakana na bafu, na kitabu kisiguse kioo, weka kipande cha kadibodi isiyo na asidi kuzunguka kingo kiache nafasi ya milimita 3. Kila miezi mitatu kibadilishe na kingine kipumzike. Unapokitoa, kipige picha mahali pale pale, kwa taa ile ile, uilinganishe na ya awali. Wekundu huanza kuondoka kabla ya rangi nyingine.